Elimu ya Ufini ni bure, lakini kwa nani?

Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa zao. Walikuwa wamelipa karo kupitia akaunti iliyosimamiwa na kaunti ili watoto wao wakasome Ufini. Vyuo vya huko vikasema karo haijafika, na baadhi ya wanafunzi waliokwisha kuwasili wakaambiwa nafasi zao ziko hatarini. Kuna wazazi waliosimulia jinsi walivyouza mashamba. Mpango huo ulichunguzwa hadi Seneti na kesi ikafika mahakamani, lakini swali moja halikukoma kuulizwa: karo ya nini, na Ufini kila mtu anasoma bure?

Wanaouliza hivyo hawakulitoa swali hewani. Taarifa waliyo nayo imepitwa na wakati tu.

Dhana: Ufini haitozi karo

Hadi 2017 hilo lilikuwa kweli kwa sehemu kubwa. Kijana wa Kitale au Mwanza akikubaliwa chuo kikuu cha Helsinki au Tampere, alilipia chakula, kodi ya nyumba na makoti ya baridi, basi. Kuanzia Agosti ya mwaka huo, anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Kiuchumi la Ulaya akasoma shahada ya kwanza au ya uzamili kwa Kiingereza lazima alipe. Sheria iliweka kima cha chini cha yuro 1,500 kwa mwaka, na vyuo vikajipangia juu ya hapo, hata karo ya yuro 10,000 na zaidi ikawa jambo la kawaida. Serikali ya Waziri Mkuu Petteri Orpo, iliyoingia madarakani Juni 2023, imekaza zaidi: ada ya maombi ya yuro 100, na sharti jipya kwamba kuanzia 2026 karo ifidie gharama yote ya masomo.

Wapo wasiolipa. Masomo ya uzamivu hayana karo. Kozi zinazofundishwa kwa Kifini au Kiswidi hazina karo. Vilevile kwa kawaida halipi mtu ambaye kibali chake cha kuishi nchini hakikutolewa kwa ajili ya masomo. Kwa hiyo unaweza kukuta darasa moja lina Waswahili wawili: mmoja Mkongo aliyefika utotoni na wazazi wake katika mgawo wa wakimbizi ambao Ufini huwapokea kupitia Umoja wa Mataifa, hadaiwi hata senti; mwenzake kutoka Eldoret anadaiwa maelfu. Hesabu yote iko kwenye kibali.

Tena karo ni nusu ya habari. Anayeomba kibali cha mwanafunzi huonyesha pesa za kujikimu, na tangu Novemba 2024 kiwango kimepanda kutoka yuro 560 hadi 800 kwa mwezi. Hizo ni yuro 9,600 kwa mwaka, kando ya karo. Ruzuku ya masomo ambayo kijana wa Kifini huipata serikalini, mwenye kibali cha mwanafunzi haimhusu.

Dhana: Vyuo vya ufundi ni vya waliofeli

Hapa ndipo tungepaswa kuwatazama Wafini kwa makini, maana kwetu mtoto akipelekwa chuo cha ufundi jirani huuliza alipata gredi gani. Ufini, takriban asilimia 40 ya vijana wanaomaliza darasa la tisa huchagua ufundi, na wengi wao si kwa kukosa nafasi ya sekondari ya juu. Cheti cha ufundi kinampa mtu haki ya kuomba chuo kikuu, sawa na aliyepitia sekondari. Njia haifungwi akiwa na miaka kumi na sita.

Mageuzi ya 2018 yaliondoa ule mtindo wa wote kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Kila mwanafunzi huandikiwa mpango wake: anachokijua tayari hupimwa na kuondolewa kwenye orodha. Mtihani nao hufanyika kazini. Mwanafunzi wa uuguzi msaidizi, kwa mfano, humwogesha mzee wa kweli katika nyumba ya wazee, humhudumia kwa chakula na dawa, huku mwalimu na mwakilishi wa sehemu ile ya kazi wakimtazama, kisha wanakaa kumpa alama, 1 hadi 5. Vyuo vya mapishi vina mikahawa iliyofunguliwa kwa umma, na wastaafu wa mtaa huenda kula mchana kwa bei nafuu chakula kilichopikwa na wanafunzi. Ukikosea chumvi, utaambiwa hapo hapo.

Ndani ya dhana hii kuna nyingine ndogo, kwamba kila anayesoma ufundi hulipwa mshahara. Mikataba ni miwili. Ule uitwao oppisopimus ni uanagenzi: wewe ni mwajiriwa, na mwajiri anakulipa. Ule uitwao koulutussopimus unakupeleka kazini kujifunza bila mshahara. Isome karatasi vizuri kabla ya kutia sahihi.

Dhana: Serikali za kaskazini mwa Ulaya humwaga pesa tu kwenye elimu

Zinamwaga, kisha zinachota. Mwaka 2017 serikali ya Juha Sipilä, waziri mkuu wa wakati huo, ilikata takriban yuro milioni 190 kwenye elimu ya ufundi. Serikali iliyofuata ikageuza usukani: tangu Agosti 2021 elimu ya lazima imesogezwa hadi miaka 18, na vitabu, kompyuta, vifaa na mavazi ya kazi yanayohitajika masomoni yakawa bure kwa vijana hao. Kabla ya hapo familia ilijinunulia visu vya mpishi au viatu vya usalama vya seremala, na kwa mzazi wa kipato kidogo hilo lilitosha kumtoa mtoto shuleni.

Orpo akarudi kwenye mkasi. Kuanzia 2025 elimu ya ufundi imepunguziwa takriban yuro milioni 100, shabaha ikiwa watu wazima ambao tayari wana cheti au kazi. Marupurupu ya mtu mzima aliyeacha kazi kwa muda ili asomee fani nyingine yalifutwa Agosti 2024. Hoja ya serikali ni deni la taifa. Mimi naona ugumu kuuelewa uamuzi huo katika nchi inayozeeka na kulia kila siku kwamba haina wauguzi, kwa kuwa wengi waliotumia fedha hizo walikuwa wanawake waliohamia sekta za afya na malezi.

Sifa ya kuwa bora duniani nayo ina tarehe yake. Katika PISA, majaribio ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15, wastani wa hisabati ulikuwa 548 mwaka 2006 na 484 mwaka 2022. Bado wako juu ya wastani wa nchi za OECD, jumuiya ya mataifa ambayo mengi yake ni tajiri, lakini wenyewe wana wasiwasi, hata Agosti 2025 wakabana kwa sheria matumizi ya simu shuleni.

Dhana: Ukishasoma, kazi ipo

Mwaka 2025 Ufini ilikuwa miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya zenye ukosefu mkubwa wa ajira. Uhaba wa wahudumu upo, ila anayemhudumia mzee wa miaka 85 lazima amwelewe kwa Kifini au Kiswidi. Huduma za kuwatafutia watu kazi na mafunzo zilihamishwa Januari 2025 kutoka serikali kuu kwenda kwa manispaa, na tangu Juni 2025 mwenye kibali cha kazi akipoteza ajira hupewa miezi mitatu, kwa wengine sita, kupata nyingine. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, na akihitimu anaweza kuomba kibali cha miaka miwili cha kutafuta ajira.

Dhana: Bila wakala hupati nafasi

Maombi hujazwa na mwombaji mwenyewe mtandaoni, katika tovuti ya taifa ya masomo, kwa Kiingereza. Barua ya kukubaliwa hutoka chuoni pamoja na kiasi cha karo, na maelekezo ya kulipa hutolewa na chuo chenyewe. Idara ya uhamiaji nayo hutaka kuona kama karo ya mwaka wa kwanza imelipwa au pesa zake zipo, kabla haijatoa kibali.