Makasha ya kompyuta yanayofanana: pima kwanza, chagua baadaye

Makasha ya bei ya kati, yaani yale ya kati ya shilingi za Kenya elfu kumi na elfu ishirini hivi, yanafanana kama mapacha: kioo ubavuni, pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) imefichwa chini, feni mbili au tatu, na taa za rangi kwa anayezitaka. Muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, akikuambia yote ni sawa, hadanganyi sana. Tofauti zimo kwenye milimita chache na kwenye uso wa mbele. Kwa hiyo usianze na kasha. Andika vipimo vya vifaa vyako, ndipo uende kutafuta kasha la kuvimeza.

Anza na kimo cha kipoza joto cha prosesa. Noctua NH-D15 kina milimita 165, DeepCool AK620 kina 160, Thermalright Peerless Assassin 120 SE kina 155. Kwa upande wa makasha, NZXT H5 Flow la 2022 linakubali kipoza cha hadi 165, Corsair 4000D Airflow 170, be quiet! Pure Base 500DX 190. NH-D15 ndani ya H5 Flow kinaingia kwenye karatasi tu. Ukiwa na vijiti virefu vya RAM (kumbukumbu) utalazimika kuinua feni ya mbele ya kipoza, na hapo kioo hakifungi tena. Mimi hupenda zibaki milimita tano.

Urefu wa kadi ya grafiki hausumbui mpaka uweke mbele rejeta, ile ya kupoza prosesa kwa maji. 4000D linakubali kadi ya milimita 360, H5 Flow 365, 500DX 369, na Lian Li Lancool 216 linafika 392. Kadi nyingi za feni tatu ziko kati ya 300 na 340, basi zote zinaingia. Sasa funga rejeta ya unene wa milimita 27 pamoja na feni za unene wa 25, na kama kiwanda kilipima bila feni za mbele, 360 imeshuka hadi 308. Hapo ndipo watu hurudisha kadi dukani wakidhani kosa ni la vipimo vya kadi. Rejeta ya juu nayo ina lake: kasha linaweza kuandikwa linabeba ya milimita 280 juu, lakini feni zikigongana na RAM, utaishia na ya 240.

Kama kadi yako inatumia plagi ile mpya ya umeme ya pini 16, pima pia kutoka ukingo wa kadi hadi kwenye kioo. Kebo isikunjwe ndani ya milimita 35 za kwanza kutoka kwenye plagi. Ikibanwa na kioo, pini hazikai sawasawa, umeme unapita kwenye mguso mdogo, plagi inapata moto na inaweza kuyeyuka.

Hewa ndiyo inayostahili muda wako zaidi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lilelile hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 18 hivi. Feni inayozunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule, ila uzito wa hewa umepungua, na uzito huo ndio unaobeba joto. Tunaponea kwenye ubaridi wa jiji. Kwa hiyo vipimo vya joto vilivyofanyiwa karibu na usawa wa bahari vitumie kujua kasha lipi linalishinda lipi. Nyuzi utakazoziona kwako zitakuwa nyingine.

Halafu kuna vumbi, hasa Januari na Februari, na hasa kwa anayekaa kando ya barabara ya murram. Chagua uso wa wavu. Uso wa kioo au bati lililofungwa huilazimisha feni kunyonya kupitia mwanya mwembamba wa pembeni. Kelele inapanda, hewa haipandi. Angalia chujio la chini linatokea wapi. Likitokea nyuma, itabidi uivute mashine kutoka ukutani kila unapolisafisha, na ukweli ni kwamba hutalisafisha. Ukiliosha kwa maji, likauke kabisa kivulini kabla ya kulirudisha.

Hewa inayoingia izidi inayotoka. Ikiwa kinyume, kasha litanyonya vumbi kupitia kila upenyo usio na chujio: nafasi za kadi nyuma, matundu ya skrubu, kingo za kioo. 500DX linakuja na feni tatu za milimita 140, moja mbele, moja nyuma, moja juu. Mbili zinatoa, moja tu inaingiza. Hamisha ile ya juu uilete mbele kabla hujafunga mothabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. 4000D linakuja na mbili za 120, moja mbele na moja nyuma, basi ongeza moja mbele na uihesabu kwenye bei. Lancool 216 halihitaji nyongeza: mbili za 160 mbele, moja ya 140 nyuma. Kwa feni nyingi hewa hutokea upande wenye vishikio vya mota. Kagua mshale kabla ya kukaza.

Tundu la USB-C mbele linavutia, lakini mothabodi nyingi za bei nafuu, zile za chipseti ya H610 au A520, hazina pa kuchomeka kebo yake. Usililipie zaidi kama litabaki pambo.

Na kama nia yako ni kuhamishia humo mothabodi ya kompyuta ya ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, iliyotoka Uingereza ikiwa imetumika, acha. Mara nyingi plagi ya pawasaplai ni ya kampuni yenyewe, swichi ya kuwashia nayo hivyohivyo, na hata mashimo ya skrubu hayalingani.

Wakati wa kufunga, hesabu vinguzo vya shaba, vile vinavyoiinua mothabodi kutoka kwenye bati la kasha. Mothabodi ya ATX ya kawaida, milimita 305 kwa 244, hutumia tisa. Micro-ATX ya 244 kwa 244 kwa kawaida nane au pungufu. Kinguzo kilichosahauliwa mahali ambapo mothabodi haina tundu hugusa solda kwa chini na kuleta shoti: mashine haiwaki, au inawaka na kuzima papo hapo.

Kioo ukikitoa, kilaze juu ya kitambaa au juu ya boksi lake. Pembe yake ikigusa vigae vya sakafu, hata kwa kugonga kidogo, kinaweza kupasuka chote vipande vidogovidogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama duka linaweza kukuagizia kioo peke yake.