Kichwa kinauma kweli, lakini je, ni mawimbi ya simu?

Wapo watu wanaoumwa kichwa kila wakizungumza kwenye simu kwa muda. Wengine hupata kizunguzungu, hukosa usingizi au huhisi ngozi ikiwaka wakiwa karibu na mnara wa simu. Hawadanganyi, wala hawaigizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza tangu mwaka 2005 kwamba dalili hizo ni za kweli na zinaweza kumsumbua mtu vibaya, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi yenyewe.

Jaribio ninalopenda kulieleza lilichapishwa mwaka 2006 na watafiti wa King's College London. Walichukua watu 60 waliosema kichwa huwauma muda mfupi baada ya kutumia simu, na wengine 60 wasio na shida hiyo. Kila mmoja alifungwa kifaa juu ya sikio la kushoto kwa dakika 50. Safari nyingine kifaa kilitoa mawimbi, nyingine hakikutoa, na hakuna aliyeambiwa lini ni lini. Kichwa kiliuma kote kote. Katika kundi la wenye dalili, asilimia 60 walidhani mawimbi yapo wakati yalikuwepo kweli, na asilimia 63 walidhani yapo wakati hayakuwepo. Wapo walioumwa hadi wakalazimika kukatisha, na kwa baadhi yao kifaa kilikuwa hakitoi kitu.

Hali hii huitwa nosebo, jina lililotolewa mwaka 1961 na Walter Kennedy: mtu akitarajia madhara, madhara huja. Mtu akitaja chawa mbele yako, kichwa huanza kuwasha, na unajikuna kweli. Hofu huongeza mapigo ya moyo, hukaza misuli ya shingo, na misuli iliyokaza huumiza kichwa. Isitoshe, vimaumivu vidogo ambavyo kila mwili unavyo kila siku, na ambavyo kwa kawaida hatuvijali, sasa vinapata wa kumlaumu.

Hofu yenyewe hupandwa. Katika utafiti wa Michael Witthöft na James Rubin wa mwaka 2013, washiriki 147 walitazama filamu: baadhi yao iliyohusu hatari za waifai, wengine iliyohusu usalama wa taarifa mtandaoni. Kisha wote walikaa dakika 15 wakiamini wanapigwa na mawimbi ya waifai. Hayakuwepo. Zaidi ya nusu walitaja dalili, na filamu ya hatari iliwaathiri zaidi waliokuwa na wasiwasi mwingi tangu mwanzo. Fikiria basi ujumbe wa kutisha unaosambazwa kwenye simu hizo hizo.

Mawimbi ya simu ni jamii ya mawimbi ya redio. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Athari inayojulikana ni kupasha joto, na ndiyo sababu ya kuwekwa viwango vya kimataifa. Joto unalolihisi sikioni hutoka zaidi kwenye simu yenyewe ikipata moto. Saratani ni swali jingine: mwaka 2011 mawimbi haya yaliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi haba, na mapitio makubwa yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka 2024, hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Nasi wataalamu tuna lawama yetu. Kumwambia mgonjwa “ni mawazo tu” ni kumfukuza, na ataenda kwa anayemuuzia stika ya kuzuia mionzi.

Ukitaka kujipima, mwombe ndugu aifunge simu kwenye mfuko, mara ikiwa imewashwa bila sauti wala mtetemo, mara imezimwa, bila kukuambia. Andika unavyojisikia, na yeye aandike alichofanya. Rudieni kwa siku nyingi ndipo mlinganishe. Matokeo yakiwa yoyote, kichwa kinachouma mara kwa mara kinahitaji daktari: apime macho, presha na usingizi wako, kwa sababu kila siku unayoilaumu simu, chanzo halisi kinabaki bila tiba.