Sura au pozi? Maana ya uwiano katika sanamu za viungo

Sanamu ya viungo ni sanamu ndogo ya plastiki, ya mtu au ya kiumbe wa kubuni, ambayo shingo, mikono na miguu yake hugeuka na kukunjika ili mwenye nayo aiweke katika pozi analotaka. Wanaozikusanya huzipima kwa maswali mawili. Je, inafanana? Yaani uso ni wa mhusika kweli, misuli imekaa mahali pake, vazi linaonekana kama vazi. Na je, inapiga pozi? Yaani inaweza kupiga goti, kushika upanga kwa mikono miwili, kusimama kwa mguu mmoja bila kuanguka. Wanaposema sanamu fulani ina uwiano, maana yake imejibu maswali yote mawili vizuri. Si jambo jepesi, kwa sababu mara nyingi unachoongeza huku kinapunguza kule.

Chanzo cha ugumu huu ni kwamba kila kiungo ni mkato. Mchongaji anaweza kukaa siku nyingi akiunda mkono, mshipa kwa mshipa, kisha mkono uleule ukatwe kwenye kiwiko ili uweze kukunjika. Sisi binadamu hatuna mikato hiyo. Tunapokunja mkono, ngozi ya nyuma ya kiwiko hutanuka na ya ndani hujikunja, huku msuli wa juu ukivimba. Plastiki ngumu haifanyi lolote kati ya hayo. Inahitaji nafasi ya kuzungukia, na nafasi hiyo huonekana kama ufa, shimo au kipande kilichotokeza.

Kiwiko chenye bawaba moja hukunjika hadi karibu nyuzi 90, kisha kigasha kinagonga msuli wa juu na safari inaishia hapo. Ukitaka mhusika aguse bega lake mwenyewe, unahitaji bawaba mbili zilizounganishwa kwa kipande kidogo katikati. Pozi utalipata. Lakini mkono ukinyooka, kipande kile kinakaa pale kama shanga iliyokwama kwenye uzi.

Bega ni gumu zaidi, na kwangu mimi ndilo linaloonyesha upesi kama mbunifu anaujua mwili wa binadamu. Jaribu kukumbatia mti: utaona kwamba si mikono tu inayokwenda mbele, mabega yenyewe yanahama. Sanamu ambayo bega lake ni mpira ndani ya kikombe tu inaweza kuinua mkono na kuuzungusha, lakini bega halihami, kwa hiyo mikono miwili haikutani mbele ya kifua. Dawa iliyopatikana ni kiungo cha pili kilichofichwa ndani ya kifua, ambacho wakusanyaji hukiita kiungo cha kipepeo kwa sababu hufunguka na kufunga kama mbawa. Kwa kiungo hicho mpiga mishale anavuta upinde na samurai anashika upanga sawasawa. Ila mkono ukivutwa nyuma, ufa mweusi hufunguka kando ya kifua. Kwa mhusika aliyevaa deraya, bamba la bega linaufunika na hakuna anayeuona. Kwa mwanamieleka aliye kifua wazi, ufa huo ndio wa kwanza kuonekana.

Nyonga nazo zina kesi yao ya miaka mingi. Ili paja lipande mbele mtu aketi au apige teke, plastiki ya kinena lazima ipunguzwe. Ikipunguzwa sana, sanamu inaonekana kama imevalishwa nepi. Isipopunguzwa, inasimama vizuri lakini haiketi kamwe.

Historia ya sanamu hizi unaweza kuisoma kama mfululizo wa majibu ya swali moja: sura au pozi? Mwaka 1964 Hasbro ya Marekani ilitoa G.I. Joe, askari wa urefu wa sentimita 30 hivi. Walikataa kumwita mwanasesere, wakihofia kwamba wavulana hawatamgusa, na ndipo Kiingereza kikapata jina action figure, yaani sanamu ya vitendo. Alitangazwa kuwa na sehemu 21 zinazojongea. Akivuliwa nguo alionekana kama kifaa cha fundi, bawaba na pini kila mahali, lakini sare yake ilikuwa ya kitambaa halisi na ilifunika kila kitu. Jibu la 1964, basi, lilikuwa: kata unavyotaka, kisha mvike.

Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ilikuja na jibu la kinyume kwa wahusika wa filamu ya Star Wars. Walikuwa wadogo, chini kidogo ya sentimita 10, ili waingie kwenye vyombo vyao vya anga bila vyombo hivyo kuwa vikubwa kupita kiasi. Nguo zilichongwa kwenye mwili wenyewe na viungo vilikuwa vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Walisimama, waliketi, waliinua mkono, basi. Watoto waliridhika nao kabisa, na umbo lao halikukatwa ovyo.

G.I. Joe aliporudi mwaka 1982 akiwa wa kimo hicho kidogo, alikuja na magoti na viwiko vinavyokunjika, na kiuno kilichoshikwa na pete ya mpira iliyojificha ndani ya kiwiliwili. (Mpira huo ukizeeka hukatika, na askari hubaki vipande viwili. Wenye mikusanyo ya zamani wanalijua hilo vizuri.) Mwaka uliofuata ukaongezwa mkato mmoja tu juu ya kiwiko, wa kuufanya mkono uzunguke kwenye mhimili wake. Mkato huo ni mstari mwembamba ambao jicho haliushiki, lakini ghafla askari aliweza kushika bunduki kwa mikono miwili mbele ya kifua. Sijui mfano bora kuliko huu wa kueleza uwiano ni nini: hasara ndogo kwenye umbo, faida kubwa kwenye pozi. Laiti kila kiungo kingekuwa na hesabu nzuri namna hiyo.

Mizani ilielemea upande wa sura katika miaka ya 1990. Todd McFarlane, mchoraji aliyembuni Spawn, mhusika wa vitabu vya katuni, alianzisha kampuni yake ya sanamu mwaka 1994, na kazi zake zilijaa minyororo, makunyanzi na makucha kwa undani ambao madukani haukuwa umezoeleka. Nyingi zilikuwa karibu ni sanamu za kusimama tu, pozi moja maisha yote. Halafu mwaka 2002 Toy Biz wakatoa Marvel Legends, mashujaa wa sentimita 15 hivi, na mizani ikageuka: bawaba mbili kwenye viwiko na magoti, kiungo cha tumbo, hata vidole vya baadhi yao vilijikunja. Kwa pozi zilikuwa ajabu. Kwa sura, baadhi zilionekana kama zimeunganishwa kwa skrubu. McFarlane mwenyewe naye alisogea: sanamu zake za mashujaa wa vitabu vya katuni vya DC, zilizoanza kutoka mwaka 2020, zilitangazwa kuwa na hadi sehemu 22 zinazojongea, moja zaidi ya askari wa 1964.

Wajapani walileta njia ya tatu. Mwaka 2008 Max Factory walianza mfululizo wa Figma na Bandai wakaanza S.H.Figuarts. Badala ya kulazimisha mkono mmoja ufanye kila kitu, wanakupa mikono mingi: ngumi, kiganja kilichofunguka, mkono wa kushika kalamu. Unachomoa huu, unachomeka ule. Uso vilevile: wa utulivu, wa hasira, wa kicheko. Kila kipande huchongwa kikamilifu bila mkato wa ndani, na pozi hutokana na kubadilisha vipande. Ubaya wake ni vipande vidogo vinavyopotea chini ya kitanda.

Hot Toys wa Hong Kong, walioanza mwaka 2000, wao walirudi kwenye wazo la 1964 na kulifikisha mbali sana: mwili wenye viungo vingi chini ya nguo zilizoshonwa, na juu yake kichwa kilichopakwa rangi kiasi kwamba kwenye picha unaweza kudhani ni mwigizaji mwenyewe. Lakini hapa vazi lenyewe ndilo linalozuia mwendo. Suti inayobana haimruhusu mhusika kuchuchumaa, na ukimwacha amekunja goti miezi mingi, kitambaa hubaki na makunyanzi. Kuna pia TBLeague, waliovika mifupa ya chuma ngozi laini isiyo na mshono hata mmoja. Ukikunja goti, ngozi inatanuka kama ya mtu. Lakini inachanika, na nguo nyeusi huiachia madoa.

Jambo linalosahaulika ni rangi na aina ya plastiki. Viungo vinasuguana, na rangi iliyopakwa juu yake huchubuka. Ndiyo maana sehemu zinazozunguka mara nyingi huachwa na rangi ya plastiki yenyewe, na ndiyo maana utaona kigasha cha rangi moja na kiwiko kilichokolea kidogo au chenye mng'ao tofauti. Halafu PVC laini hubeba undani mzuri wa uso na nywele, lakini ikitumiwa kwenye kiungo hulegea. ABS, plastiki ya aina nyingine, ni ngumu na hushika pozi vizuri zaidi, ila haisamehe kosa: ukilazimisha, inavunjika. Kwa sisi wa pwani hili si la vitabuni. Sanamu ya PVC yenye kifundo chembamba cha mguu, ikiwekwa kwenye kabati karibu na dirisha mwezi wa pili, huanza kuinama polepole hadi siku moja unaikuta imelala kifudifudi. Ngozi bandia ya makoti nayo huharibiwa na unyevu, ikaanza kubanduka magamba. Joto lina msaada wake pia: kiungo kilichogoma ukikitumbukiza kwenye maji moto kwa muda mfupi hulainika na kugeuka bila kukatika.

Kwa haya yote, naona kuhesabu viungo ni kipimo kibovu. Kiungo kizuri ni kile ambacho mkato wake umefuata mstari ambao vazi tayari linao: ukingo wa glavu, mkanda wa kiunoni, pindo la buti, pedi ya goti. Hapo jicho linaona nguo, kumbe ni bawaba. Tena mbunifu aliyeuliza kwanza mhusika huyu anaishi katika pozi gani ndiye anayepatia. Mfalme mzee mwenye joho zito hahitaji magoti ya bawaba mbili, na kumkata magoti hayo ni kumharibu bure. Spider-Man asiyeweza kuchuchumaa na kugusa ardhi kwa vidole, hata uchongaji wake ungekuwa mzuri vipi, si Spider-Man.

Unaponunua, usiridhike na picha ya mbele ya kwenye kasha, mikono ikiwa imelala kando. Katika pozi hilo karibu kila sanamu hupendeza. Tafuta picha ya ubavuni ikiwa imepiga goti, kisha angalia vitu vitatu: kama wayo umelala chini wote au umesimama kwa ukingo, kama kuna nafasi inayoonekana kati ya paja na kinena, na kama kichwa kinaweza kutazama juu au nywele zinagonga mgongo. Picha ya namna hiyo isipopatikana popote, mimi husubiri wenzangu walionunua wafungue makasha yao kwanza.