Filamu ya muziki na vichekesho ya wakati wa vita: maana yake

Ni filamu ambayo wahusika wamevaa sare za jeshi lakini vita vyenyewe huvioni. Watu wanaimba, wanacheza dansi, wanataniana, na askari anahangaika zaidi na binti aliyekutana naye jana kuliko na adui. Hollywood ilizitoa kwa wingi miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati mamilioni ya vijana wa Marekani wakiitwa jeshini.

Kinachoisukuma hadithi mara nyingi ni likizo fupi. Chukua Anchors Aweigh ya 1945. Mabaharia wawili wa jeshi la majini, mcheza dansi Gene Kelly na mwimbaji Frank Sinatra, wanapewa siku nne za mapumziko Hollywood. Kelly ni mjanja wa wanawake. Sinatra, pamoja na sauti yote ile, hajui hata pa kuanzia. Wanamdanganya binti mmoja mwimbaji kwamba wamemfanyia mpango asikilizwe na José Iturbi, mpiga piano maarufu, ambaye wao wenyewe hawajawahi kumtia machoni. Sasa siku zinayoyoma na uongo lazima utimizwe kabla ya kurudi melini. Mapenzi ya mwaka mzima yanabanwa katika siku nne, na vichekesho vinatokea humo humo.

Aina ya pili hubaki kambini. Katika Buck Privates, iliyotoka mapema 1941 kabla Marekani haijaingia vitani, mchekeshaji Lou Costello ni kuruta asiyeweza hata kugeukia upande alioamriwa. Sheria ya kuandikisha vijana jeshini ilikuwa imepitishwa Septemba 1940, na familia nyingi zilikuwa na wasiwasi. Kumcheka kuruta huyo kulipunguza hofu kidogo.

Serikali nayo haikukaa pembeni. Ofisi ya Habari za Vita, iliyoundwa 1942, ilisoma miswada ya filamu na kuwataka watengenezaji wajiulize kama picha yao itasaidia kushinda vita. Nadhani ndiyo maana askari wa filamu hizi ni wema kupita kiasi.

Kusema kweli, hadithi nyingi ni kisingizio tu cha kupanga nyota jukwaani. Hollywood Canteen ya 1944 inahusu klabu ya kweli ya askari yenye jina hilo, iliyofunguliwa Oktoba 1942 na waigizaji Bette Davis na John Garfield. Tiketi ya kuingilia ilikuwa sare. Katika filamu, askari aliyetoka kujeruhiwa anakuwa mgeni wa milioni moja, na zawadi yake ni miadi na mwigizaji Joan Leslie, anayeigiza nafasi yake mwenyewe. Basi, hadithi ni hiyo. Muda uliobaki ni nyimbo.

Upande wake mbaya ni ubaguzi. Jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi, na kwenye filamu hizi mapenzi ni ya wazungu. Mwimbaji mweusi Lena Horne anaonekana katika Thousands Cheer ya 1943, anaimba vizuri ajabu, kisha basi. Nyimbo zake katika filamu za wakati huo ziliwekwa kando ya hadithi, hivyo sinema za majimbo ya Kusini ziliweza kuzikata bila mtazamaji kugundua pengo.

Vita vilipokwisha, mtindo haukufa mara moja. Mwaka 1949 Kelly na Sinatra walivaa tena sare za ubaharia katika On the Town. Safari hii likizo ilikuwa ya saa 24, mjini New York.