Hapana, haijaribu majibu yote kwa mpigo

Juzi kwenye kivuko cha Kamanga, hapa Mwanza, kijana wa mwaka wa pili chuoni alikaa kando yangu akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli kompyuta ya kwanta inajaribu majibu yote kwa mpigo, halafu inachagua lililo sahihi?" Ni mara ya nne mwezi huu. Mara mbili waliouliza ni watu wanaofundisha kompyuta.

Inachagua vipi? Hapo ndipo ninapokasirika. Kyubiti ni biti ya kompyuta ya kwanta: inaweza kuwa mchanganyiko wa sifuri na moja. Weka kyubiti 50 katika hali mseto iliyo sawa, yaani mchanganyiko wa safu zote kwa uzito uleule, utakuwa na amplitudi zaidi ya trilioni elfu moja, namba moja kwa kila safu, ambayo ukubwa wake ndio unaoamua uwezekano wa kuipata. Zipime: unapata safu moja tu ya sifuri na moja, ya kubahatisha, na nyingine zote hazipo tena. Mwanahisabati Holevo alishathibitisha mwaka 1973 kwamba kyubiti 50 zikipimwa hazikupi zaidi ya biti 50 za taarifa.

Kazi yote hufanyika kabla ya kupima. Tulikuwa tunakaribia gati, nikamwonyesha Jiwe la Bismarck, mawe yale yaliyosimama ziwani. Wimbi likifika pale linagawanyika, linazunguka kushoto na kulia, kisha vipande vinakutana nyuma ya mawe. Kilele kwa kilele, maji yanapanda; kilele kwa bonde, maji yanatulia. Amplitudi nazo zinaweza kuwa hasi, kwa hiyo njia mbili za kufikia jibu baya zinaweza kufutana kabisa. Uwezekano wa kawaida hauwi hasi kamwe, ndiyo maana kurusha sarafu hakufuti chochote. Tafadhali lakini, usiupeleke mfano wa ziwa mbali: amplitudi hizo hazielei juu ya uso wowote unaoweza kuuona, na mfungamano wa kyubiti, ule uhusiano unaofanya zisielezeke moja moja, hauna mwenzake majini.

Ushahidi ninaoupenda ni mbinu ya kutafuta ya mwanasayansi wa kompyuta Grover, 1996. Tafuta kitu kimoja katika orodha ya milioni moja isiyo na mpangilio. Kompyuta ya kawaida itakagua kama laki tano kwa wastani. Ya kwanta, takriban mara 800. Na imethibitishwa kuwa huwezi kupunguza zaidi ya kiwango hicho cha kipeuo cha pili cha urefu wa orodha. Kama ingekuwa inajaribu yote kwa mpigo, si mara moja ingetosha?

Mwanahisabati Shor, 1994, alipata faida kubwa zaidi kwa sababu kutafuta vigawo vya namba hugeuzwa kuwa kutafuta mrudio, yaani mfuatano wa namba unajirudia baada ya hatua ngapi, na mrudio ndio hasa mawimbi hufichua. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kazi hiyo kwa haraka. Vitabu hupita hapo mbio. Mimi nikifika hapo darasani ulimi husita, na wanafunzi huona.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Sasa mawimbi yanajuaje njia ya kufuta, kama jibu lenyewe hatulijui?"

Hayajui jibu, nikamwambia. Katika mbinu ya Grover, yana mkaguzi tu: jibu linalofaa likipita kwake, alama ya amplitudi yake hugeuzwa kuwa hasi. Kwa kipimo, bado hakuna tofauti. Hatua inayofuata huigeuza alama hiyo kuwa kimo kidogo zaidi cha amplitudi, unarudia, unarudia, jibu linapanda. Na lazima ujue pa kusimama, maana ukipitiliza linaanza kuzama tena.