Si Kila Taa ya Kruzi Kontroli Ni Sensa: Dhana Potofu na Ukweli

Mteja akiingia gereji na sensa mpya ikiwa bado imo ndani ya boksi lake, huwa nayajua maneno yake kabla hajayasema. Dashibodi imeandika kwamba kruzi kontroli inayojirekebisha, yaani mfumo unaoshika mwendo na kuupunguza wenyewe gari la mbele likikaribia, haifanyi kazi, mtu amemwambia kwamba rada ya mbele imekufa, naye amekwisha kuinunua nyingine. Kazi ya fundi, kwa maoni yake, ni kuifunga tu. Nimeyasikia haya mara nyingi kupita kiasi.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: ujumbe wa kruzi kontroli ukitokea, basi sensa imeharibika. Ukweli ni kwamba rada hupima umbali na kasi ya gari lililo mbele, lakini kazi ya kupunguza mwendo ni ya injini na breki, na kabla mfumo haujakubali kuzitumia, huhitaji taarifa kutoka kwa sensa za kasi ya magurudumu, sensa ya pembe ya usukani, kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) na swichi ya pedali ya breki. Kimojawapo kikinyamaza au kikitoa taarifa inayopingana na nyingine, kruzi kontroli hujizima, na mara nyingi dereva huona ujumbe uleule ambao angeuona kama rada yenyewe ingekuwa mbovu.

Gari moja lililetwa kwangu baada ya kubadilishiwa rada kwingine, na ujumbe ulikuwa haujaondoka. Nilifungua data hai kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, miguu yangu yote miwili ikiwa mbali na pedali, na kioo kikaandika kwamba breki imekanyagwa, kisha haijakanyagwa, kisha imekanyagwa tena, kila nilipoigusa pedali kwa kidole. Swichi ya pedali, kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ndiyo iliyokuwa imechakaa. Kompyuta inayoamini kwamba dereva amekanyaga breki itaikataa kruzi kontroli, na ina haki ya kuikataa.

Kwa hiyo misimbo ya hitilafu, yaani alama ambazo kompyuta za gari huziandika zikiona kasoro, isomwe katika kompyuta zote za gari, si katika rada peke yake, na isomwe kwa maana yake. Msimbo U0235 unasema kwamba mawasiliano na sensa ya umbali ya mbele yamekatika. Hausemi kwamba sensa imekufa, wala hausemi ni nini kilichoyakata. Huenda ni fyuzi, huenda ni ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyoshika kutu, huenda ni plagi iliyoingia maji nyuma ya bampa. Mimi ni mkaidi katika jambo moja: betri hupimwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa volti zikishuka mno wakati wa kuwasha injini, kompyuta kadhaa huandika misimbo ya mawasiliano kwa mpigo, na fundi asiyejua hilo atakimbizana na vivuli siku nzima.

Wengine hudai kwamba sensa iliyofunguliwa na kurudishwa kwa boliti zilezile haihitaji kalibresheni, yaani kuelekezwa upya kwa vipimo. Hesabu yenyewe inawakanusha: kosa la nyuzi 1 tu kwenda kushoto au kulia hupeleka mwale kando kwa takriban mita 1.75 ukifika mita 100 mbele, yaani nusu ya njia yenye upana wa mita 3.5, na hapo rada huanza kulifuata gari la njia ya jirani. Kalibresheni nayo haianzii kwenye rada. Huanzia kwenye upepo wa matairi, alaimenti ya magurudumu na sakafu tambarare, kwa sababu rada inapaswa kutazama kule gari linakoelekea, si kule bampa linakoelekea.

Kuhusu bampa, wapo wanaoamini kwamba plastiki ni plastiki na rangi ni rangi. Rada nyingi za mbele hufanya kazi katika masafa ya gigahezi 76 hadi 77, ambapo urefu wa wimbi haufiki milimita 4, na kwa wimbi fupi kiasi hicho, puti nene, tabaka za ziada za rangi yenye chembe za chuma au nembo ya kromu isiyotengenezwa kwa ajili ya rada ni pazia. Tope nalo ni pazia, ila hilo huondoka kwa kitambaa na maji.

Kufuta misimbo si matengenezo. Anayeifuta kabla ya kuisoma hupoteza pia rekodi ya kasi, volti na hali nyingine za gari wakati hitilafu ilipotokea, kisha hunitaka nibuni kilichokuwamo.

Mwisho ni lalamiko kwamba sensa ni mbovu kwa sababu gari halikujifungia breki mbele ya gari lililosimama. Mifumo mingi, hasa katika mwendo mkubwa, hupuuza kwa makusudi vitu vilivyosimama, kwani alama za barabarani, madaraja na kingo za chuma nazo hurudisha mawimbi ya rada, na gari lingekuwa linafunga breki ovyo. Watengenezaji huueleza mpaka huo katika kijitabu cha gari. Mteja wa mwisho aliyeniletea lalamiko hilo alikuwa na sensa nzima kabisa. Kijitabu chake nilikikuta kwenye droo ya dashibodi, kikiwa bado ndani ya plastiki yake.