Ugali haukuwako Gede: vijana wetu na safari ya wakati

Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyepewa katika zoezi letu la safari ya wakati nafasi ya mama wa nyumba wa mwaka 1450 katika Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya ambao leo ni magofu, aliniletea orodha ya mapishi aliyoiandika kwa mwandiko mzuri sana: ugali wa mahindi, mchuzi wa nyanya, muhogo wa nazi na pilipili ya kusaga. Nilikata karibu yote. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili ni mazao ya Amerika, nayo yalifika pwani yetu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Orodha ikabaki na nazi peke yake, naye akaniuliza kwa hasira kidogo, "Basi walikuwa wakila nini, mwalimu?"

Swali hilo ndilo ninalolingojea kila mara. Mbinu hii ya safari ya wakati tunayoitumia, iliyokuzwa na makumbusho ya Kalmar nchini Sweden, humtaka kijana achunguze mahali halisi, apewe nafasi ya mtu wa zama fulani, kisha aishi saa chache akifanya kazi za mtu huyo na kujadiliana na wenzake juu ya jambo linalowagawanya. Mavazi husaidia, lakini nimeona makundi yaliyovaa vizuri mno yakirudi nyumbani bila kujua lolote jipya. Ndiyo maana sharti langu ni moja: kila unachokisema au kukishika, uweze kunionyesha kimetoka wapi.

Gede, umbali wa kilomita kumi na tano hivi kusini-magharibi ya Malindi, inafaa sana kwa sharti hilo. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimbua magofu hayo mwaka 1948, nyumba nyingi alizipa majina ya vitu vilivyookotwa humo, na kwa hivyo tunayo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kijana anayeingia katika nyumba ya mkasi hahitaji kubuni. Anaanza na mkasi, kisha anajiuliza nani alikuwa akikata nini. Lipo pia kaburi lenye tarehe ya 802, ambayo wengi huisoma upesi na kudhani ni karne ya tisa, mpaka tuketi chini na kuigeuza kutoka Hijria tukapata 1399. (Wanaosoma madrasa huwatangulia wenzao hapo, na hawakosi kujigamba.)

Zamu ya mchana ndiyo nzito. Ngoma inapopigwa, ishara tuliyokubaliana, simu zinafichwa na hakuna anayeruhusiwa kuutaja ulimwengu wa leo. Kundi hukusanyika kando ya kisima cha msikiti mkuu kujadili kama wahame au wabaki. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na wataalamu wametaja sababu kadhaa, zikiwemo kushuka kwa maji visimani na mashambulizi ya Waoromo. Simwambii mtu yeyote jibu. Mara ya mwisho mvulana aliyekuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu alikataa katakata kuondoka, kwa hoja kwamba bidhaa zake hazibebeki, na mchota maji akamjibu, "Wewe hujawahi kuivuta kamba hii."

Baada ya ngoma ya pili huvua mavazi na kuzungumza, na sehemu hii siikatizi hata gari la shule likipiga honi, kwa kuwa hapo ndipo wanapotenganisha walichokiona na walichokibuni.

Yule msichana alirudi wiki iliyofuata na orodha mpya: mtama, wali, samaki na nazi. Sasa anamtafuta bibi anayejua kusaga mtama kwa jiwe, kwani mimi mwenyewe nilipojaribu mbele yao nilitoa chenga tupu.